Daktari Aliyeipinga Sera Yake Mwenyewe

Wauguzi wa wodi ya wazazi ndio waliompachika jina la Dokta Kwanini, na siku za mwanzo halikuwa jina la sifa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba kama kalamu, ana mwaka mmoja tu tangu aapishwe kuwa daktari, na tayari alikuwa amewachosha watu. Mama mjamzito akiletwa amechelewa, madaktari wengine walimhudumia, wakanawa mikono, wakaenda kwa mgonjwa mwingine. Yeye alimhudumia, akanawa mikono, kisha akavuta kigoda hadi kando ya kitanda na kuanza: Uchungu ulianza lini? Ulimwambia nani kwanza? Nani aliamua mje? Kwa nini hamkuja jana?

"Wewe ni daktari au polisi?" muuguzi mkuu alimuuliza siku moja huku akikunja mashuka.

"Daktari. Lakini huyu ni wa tano wiki hii."

"Na wiki ijayo watakuja watano wengine. Ukimaliza kuwahoji wote utakuwa bibi."

Hakuacha. Jibu lililokuwa likitolewa kwenye mikutano yote ya hospitali lilikuwa moja: akina mama wanachelewa kwa sababu hawajui. Kwa hiyo yalichapishwa mabango, yakabandikwa kila ukuta, na akina mama wakaendelea kuchelewa. Lakini wale aliokuwa akiongea nao walijua vizuri sana. Walijua dalili za hatari kuliko bango lenyewe. Walichokosa ni mtu wa kuwapokea. Zahanati ya jirani ilifungwa saa nane mchana, au muuguzi alikuwa peke yake na foleni ya watoto wenye homa, au walikaripiwa mara ya kwanza wakaapa hawarudi tena. Aliandika majibu ya wanawake mia mbili na themanini kwenye madaftari ya shule, akayapeleka kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali.

Mganga mfawidhi alifunua kurasa mbili tatu kwa ncha ya kidole. "Hizi ni hadithi," alisema. "Wizara haibadilishi sera kwa hadithi. Niletee ushahidi."

Alitoka mle ofisini uso umemwiva kwa hasira. Lakini alipofika nyumbani, hasira ilikuwa imegeuka kitu kingine. Alimwambia mumewe, mwalimu wa jiografia, mtu mpole asiye na haraka ya maneno: "Nataka kurudi shule. Nataka kusoma uchumi."

Mume aliweka chini madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Uchumi wa nini?"

"Wa afya. Nijifunze kuthibitisha ninayoyaona."

"Na watoto?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe."

Mwalimu akafikiri kidogo. "Mkubwa anajua kujivalisha viatu," alisema. "Mdogo nitamfundisha."

Aliyeshindwa kuelewa ni mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule miaka ishirini ili binti yake avae koti jeupe. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akamtazama. "Udaktari umekushinda?"

"Haujanishinda, mama."

"Basi kuna nini? Watu wanaugua, wewe unawatibu. Tatizo liko wapi hapo?"

"Nawatibu wale wanaofika, mama. Nataka kujua habari za wasiofika."

Mama alinung'unika, akarudi kwenye mshono wake. Lakini wiki ile ile alimpelekea mfuko wa vitambaa vya kufunika vitabu.

Darasani alikuta vijana wa miaka ishirini na mbili wanaochora mikondo ya hesabu kama watu wanaoandika majina yao. Yeye mara ya mwisho kushika hesabu ngumu ilikuwa kabla ya ndoa. Jaribio la kwanza alipata thelathini na moja kwa mia. Aliikunja karatasi mara nne, akaketi nayo kwenye ngazi za maktaba, akalia kidogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwona. Kisha akafunga kibwebwe. Kila alfajiri, kabla watoto hawajaamka, alikuwa ameshakokotoa maswali kumi. Jaribio la pili alipata hamsini na nane. La tatu, themanini, na wale vijana wakaanza kumzunguka kuomba maelezo.

Aliyemnoa kweli kweli ni mzee mmoja, profesa mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, ambaye daima alikuwa akiitafuta yote miwili. Ukimwambia kitu kimesaidia, aliuliza, "Ukilinganisha na nini?" Ukimwambia wagonjwa wamepona, aliuliza, "Wasingepona bila wewe?" Wanafunzi walimkimbia. Dokta Kwanini alimpenda kama baba, kwa kuwa alikuwa amekutana na mtu mwenye maswali kumzidi.

Chini ya profesa huyo alifanya utafiti uliomjengea jina. Alichukua zahanati arobaini. Ishirini, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zilipewa motisha: kila mama anayejifungulia pale, watumishi wa zahanati wanalipwa kiasi fulani. Ishirini nyingine ziliachwa zilivyo. Yeye mwenyewe alizizungukia zote, nyingine kwa pikipiki, nyingine kwa miguu, akihesabu na kuhoji. Baada ya miaka miwili, kule kusikokuwa na motisha hapakuwa na badiliko la maana. Kule kwenye motisha, akina mama wanaojifungulia zahanati walikuwa wametoka watatu katika kila kumi hadi sita. Zahanati zilikuwa wazi hadi jioni, na wauguzi walikuwa wanatabasamu.

Wizara, safari hii, haikusema ni hadithi. Motisha ikawa sera ya nchi nzima. Dokta Kwanini akawa mshauri wa wizara, akapewa ofisi ya ghorofa ya tano yenye zulia na simu mbili. Mama yake alikuja kuiona, akakanyaga zulia kwa tahadhari, akasema, "Sasa nimeelewa huo uchumi." Wote wakacheka.

Jambo moja alikataa kuliachia. Kila Jumanne alivua viatu vya ofisini, akavaa raba, akarudi wodini kuzalisha. Wenzake wa ghorofa ya tano waliona ni maringo. Jumanne moja, akiwa na miaka arobaini na minne, ndipo alipokutana na yule binti.

Gari la wagonjwa lilimleta saa sita mchana. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anasomea ualimu, mimba ya kwanza. Mtoto alikuwa amekwama muda mrefu mno na mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Dokta Kwanini alishika kisu mwenyewe. Mtoto hakuwa hai, na ili kumwokoa mama ilibidi mfuko wa uzazi uondolewe.

Alipotoka alisoma barua ya rufaa akiwa amesimama koridoni. Ilisema mgonjwa alipokelewa zahanati saa mbili asubuhi ya siku ile. Aliiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ile "mbili" kulikuwa na namba nyingine iliyofutwa, na tarehe nayo ilikuwa imeandikwa juu ya tarehe.

Kwenye benchi alikuwepo mama mkwe wa binti, ameshika kanga za mtoto ambazo hazikufunguliwa.

"Mama, pole sana," alimwambia, akachuchumaa mbele yake. "Mlifika zahanati saa ngapi?"

"Jana," alijibu yule mama. "Jana saa nne asubuhi. Nikawaambia, huyu mtoto hashuki, tupelekeni hospitali. Wakaniambia tulia mama, atajifungulia hapa hapa. Nikatulia." Akazitazama zile kanga. "Mimi nikatulia, daktari."

Aliijua zahanati ile. Ilikuwa moja ya zile ishirini za mwanzo zilizopewa motisha. Kesho yake hakwenda ofisini. Alipanda gari hadi kule, akamkuta mkunga aliyemzoea tangu enzi za utafiti, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, anafua vitambaa kwenye beseni.

"Karibu, Dokta," alisema mkunga, lakini hakusimama.

"Asante, dada. Binti wa jana alifika hapa saa ngapi?"

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa mara mbili."

Mkunga alikamua kitambaa hadi tone la mwisho. "Mama akijifungulia hapa, anahesabiwa kwetu," alisema hatimaye. "Nikimpeleka hospitali, anahesabiwa huko. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Najua. Niliitunga mimi."

"Basi kaa usikilize. Ile motisha mwaka wa kwanza tuligawana, tukafurahi. Mwaka wa pili wakubwa wakasema, nyie si mna motisha? Fedha za uendeshaji wakazikata. Sasa hiyo motisha ndiyo inanunua glovu. Ndiyo inayomlipa mlinzi. Ndiyo inayojaza tangi. Mwezi tukizalisha kumi na wanane, tunapumua. Tukipungukiwa, nazunguka kwa majirani na ndoo kuomba maji ya kuwanawisha wazazi. Yule alikuwa wa kumi na nane, Dokta. Nikajiambia, tumpe saa moja. Halafu nikajiambia, saa moja tena."

Dokta Kwanini alitaka kumkasirikia, akashindwa. Kila alipotafuta pa kuielekeza hasira, ilimrudia mwenyewe.

"Ni wewe tu?" aliuliza.

Mkunga alicheka kicheko kisicho na furaha. "Waulize wengine. Ila uwaulize kama ulivyoniuliza mimi, siyo kwa fomu."

Hivyo ndivyo ulivyoanza utafiti wa pili, ambao hakuna aliyeuomba. Wizara haikuugharamia, aliandika maombi saba kwa mashirika mbalimbali, akakataliwa sita. Kwa msaada wa hilo moja alipita hospitali kumi na zahanati mia na kumi na mbili. Safari hii hakuyaamini madaftari ya zahanati. Aliwahoji mama wakwe, waume, dada, majirani waliosukuma mkokoteni: mlitoka nyumbani saa ngapi, mlifika saa ngapi, nani alisema nini. Ilimchukua mwaka na nusu. Alikonda. Mwalimu wa jiografia alijifunza kupika vitu vinne, akavipika kwa zamu, na watoto wakajua ni siku gani ya wiki kwa kuangalia sahani.

Majibu yalipotoka aliyakagua mara tatu akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Tangu sera ianze, zahanati zilizalisha akina mama wengi zaidi, hilo lilikuwa kweli. Lakini mama aliyepata shida alishikiliwa pale karibu saa saba kabla ya kupewa rufaa, wakati zamani zilikuwa saa tatu. Vifo vya akina mama havikupungua. Na kwa wale ambao mtoto alikwama, watoto waliozaliwa wamekufa walikuwa wameongezeka.

Alimpelekea kwanza profesa, ambaye sasa alikuwa amestaafu. Mzee alisoma kurasa zote bila kuinua kichwa, kisha akavua miwani.

"Kazi safi," alisema. "Nisikilize sasa, binti yangu. Kwenye muhtasari, andika kwamba kuna changamoto za utekelezaji. Inatosha. Watu wazima wataelewa."

"Utekelezaji hauna kosa, Profesa. Zahanati zimetekeleza nilichowaambia. Nilisema mama akijifungua pale, walipwe. Sikusema lolote juu ya anayestahili kuondoka pale."

"Jina lako liko juu ya sera ile. Na langu liko chini ya jina lako."

Lilimuuma hilo, kwa sababu mzee alikuwa amezeeka na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. "Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya mtu yeyote. Lakini ulinifundisha kuuliza ukilinganisha na nini. Nimelinganisha."

Mzee alimsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Kabla ya kwenda wizarani alikuwa na safari moja zaidi. Alimtafuta yule binti, ambaye sasa alikuwa amerudi chuoni, akamkuta kwenye chumba cha kusomea, amezungukwa na chati za kufundishia. Alimweleza yote, tangu zahanati arobaini hadi tangi la maji, bila kujitetea. Kisha akasema, "Nimekuja kukuomba msamaha."

Binti alinyoosha ukingo wa chati kwa muda mrefu. "Sina," alisema. "Labda siku moja nitakuwa nao. Leo sina."

"Sawa."

"Ile karatasi yenu bado inasema nilifika saa mbili?"

"Ya zahanati, ndiyo."

"Kwenye kitabu chako andika saa nne. Saa nne ya siku ile ya kwanza."

"Nimeshaandika," alisema Dokta Kwanini. Akamwonyesha ukurasa, na binti akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mwalimu anayesahihisha.

Kikao cha wizara kilifanyika asubuhi ya Alhamisi, kwenye ukumbi wenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Katibu mkuu alitarajia taarifa ya mafanikio; mabango yalikuwa tayari yamechapishwa. Dokta Kwanini alisimama.

"Sera ya motisha niliipendekeza mimi," alianza. "Nimekuja kusema nilikosea, na kuonyesha mahali nilipokosea."

Alizungumza dakika ishirini. Alipomaliza, mtu mmoja alikohoa.

"Unataka nikamwambie waziri," alisema katibu mkuu taratibu, "kwamba tumetumia miaka sita kuwalipa watu wawacheleweshe wagonjwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini umwambie pia tunavyoweza kurekebisha. Zahanati ilipwe sawasawa, mama akijifungulia pale au akipewa rufaa mapema. Na fedha za uendeshaji zirudishwe, ili maji na glovu visitegemee idadi ya wazazi."

"Mapendekezo yako tumeyapokea," alisema katibu mkuu, akafunga faili.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Mkataba wake wa ushauri hautaongezwa, na wizara inamshukuru kwa mchango wake. Alifungasha vitabu kwenye maboksi mawili. Gazeti moja liliandika kwamba mtaalamu amejikana mwenyewe, na watu waliomwita kila mkutano wakaacha kupokea simu zake. Mumewe, yule mpole, ndiye aliyewaka. "Mwongo wangemwongezea mshahara!" alisema, akigonga meza hadi vijiko vikaruka.

"Usinivunjie vyombo," alisema mkewe. "Nisaidie kupanga vitabu. Kesho nina zamu."

Alirudi hospitali, daktari wa kawaida, zamu sita kwa wiki. Hakukaa akishika tama. Aliandika barua kwa waganga wakuu wa wilaya, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wajaribu sera iliyorekebishwa kwenye wilaya yao tu. Kumi na mmoja hawakujibu. Wa kumi na mbili alijibu kwa mstari mmoja: "Mkunga wangu mmoja ananisumbua juu ya jambo hili mwezi wa pili sasa. Njoo."

Alipofika alikuta ukumbi wa mkutano umejaa wakunga, na yule mwenye mikono mipana amekaa mbele. Mkunga ndiye aliyesimama kueleza yaliyotokea kwenye zahanati yake, kwa mdomo wake, mbele ya wenzake na mbele ya mkubwa wake. Hakuficha namba aliyoifuta. Mwingine akasema, "Hata kwangu," na mwingine, na mwingine.

Mganga mkuu wa wilaya alikuwa mtu mkavu. "Mnaanza Jumatatu," alisema. "Na atakayefuta saa kwenye barua nitamfuta kazi."

Walifanya kazi miezi kumi na minne. Zahanati ililipwa sawa, mama abaki au apelekwe hospitali. Saa saba za kusubiri rufaa zikashuka hadi nne, kisha hadi mbili na nusu. Akina mama waliojifungulia zahanati hawakupungua. Watoto waliokufa kabla ya kuzaliwa walipungua kwa theluthi moja. Dokta Kwanini aliyakagua mara tatu haya nayo, akitafuta kosa lake kwa bidii ile ile, na alipolikosa akayachapisha.

Mwaka uliofuata wizara ilitoa waraka mpya. Malipo sawa kwa rufaa ya mapema, fedha za uendeshaji zirejeshwe, nchi nzima. Jina lake halikuwemo hata kwenye tanbihi. Mkunga alimpigia simu, amefura kwa niaba yake. "Wamekuibia mchana kweupe!"

"Tangi lako limejaa?" alimuuliza.

"Limejaa."

"Basi waache waibe."

Siku hizi anafundisha chuoni, kozi ya sera za afya, darasa la watu wazima wenye kazi zao. Siku ya kwanza huwagawia makala mbili bila jina la mwandishi na kuwataka waseme ipi ina makosa. Muhula uliopita kijana mmoja daktari, baada ya kugundua zote mbili ni za mkono mmoja, wa mwalimu wake mwenyewe, alinyoosha kidole.

"Mwalimu, samahani. Hukuwa na aibu?"

"Nilikuwa nayo," alisema, akichukua chaki. "Niliibeba miaka mingi na bado ninayo. Sasa fungueni ukurasa wa nne. Jedwali la pili. Nani ananiambia zile zahanati ishirini tulizolinganisha nazo zilichaguliwaje?"